Mchungaji na Fimbo Yake: Historia ya Sitiari Moja

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Katika semina yetu ya uhakiki, muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba hakuna sitiari iliyowadhuru Waafrika kuliko ile inayomwita Mungu mchungaji. Hoja yake ilikuwa fupi. Ukishakubali kwamba kuna mchungaji, umekwisha kubali kwamba wewe ni kondoo. Na kondoo, jamani, ni mnyama gani? Anafuata tu. Hana swali, hana mdomo. Akatukumbusha Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Kawegere ya kitabu cha George Orwell, ambamo kazi ya kondoo ni kukariri kaulimbiu mpaka wenye hoja wachoke na kunyamaza. Basi, akamalizia, mmisionari alileta kondoo, mkoloni akaja na mkasi wa kukata manyoya. Darasa likapiga makofi. Nami nilipiga.

Wiki tatu baadaye babu yangu alifariki. Nilipofika nyumbani, huko Dodoma vijijini, baba mdogo alinipokea mizigo akaniambia kwamba wazee wamekwisha panga: kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, kesho makaburini nitasoma Zaburi ya 23. Sikuwa na la kusema. Nilikwenda kulala nikiwa nimebeba vitu viwili visivyokaa pamoja, yaani makofi yangu ya darasani na zaburi ya babu. Mengi ya yafuatayo niliyatafuta maktaba baada ya msiba, lakini swali lilianza usiku ule: je, nilipiga makofi kwa haki?

Nianze na jambo ambalo mwenzetu hakulijua, kwa kuwa amekulia mjini. Mimi nimechunga. Tangu nikiwa na umri wa miaka minane hadi nilipokwenda sekondari ya bweni, kila likizo na kila Jumamosi nilikuwa nyuma ya mbuzi na kondoo wa babu. Kondoo si mjinga kwa namna watu wa mjini wanavyodhani. Anaijua sauti. Mgeni akiita, hata akiigiza mluzi wa mwenyewe, kundi huinua vichwa na kubaki palepale. Ni kweli kwamba jua likiwa kali kondoo husongamana, kila mmoja akificha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, na hapo hata umpige hatoki. Ni kweli pia kwamba akichinjwa halii kama mbuzi. Watu wa pwani waliliona hilo zamani wakalifanyia methali: kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Tazama hapo, tabia ileile ambayo semina yetu iliiita unyonge, wahenga wa Kiswahili waliiita uungwana. Sitiari haina maana moja iliyofungiwa ndani yake kama punje ndani ya ganda.

Na mchungaji mwenyewe? Yule wa kwenye kalenda za ukutani, mwenye kanzu nyeupe isiyo na vumbi, mimi sijapata kumwona. Mchungaji ninayemjua ana miguu iliyopasuka, ana rungu kwa ajili ya fisi na fimbo kwa ajili ya kundi, na jioni huwa hana sauti kwa kupiga kelele. Kazi yake kubwa ni kuhesabu. Babu alikuwa akisimama mlangoni pa zizi na kuhesabu kimyakimya, midomo ikicheza, na ole wako hesabu ipungue.

Kiswahili kinalijua hilo. Kitenzi chunga kina maana ya kuwalisha wanyama na kuwalinda, lakini wazee wa pwani hulitumia pia kwa unga: kuchunga unga ni kuuchekecha, kutenga chenga na laini. Sitaki kudai kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Huenda yamefanana sura tu. Hata hivyo anayesikia Kiswahili huyasikia yote mawili, na mchungaji wa Biblia hufanya yote mawili: hulisha, na hutenga. Aidha, kiambishi ji mwishoni mwa neno kinatuambia kwamba huyu si mtu aliyechunga siku moja, ni mtu wa kazi hiyo daima.

Sasa tuingie katika historia, maana hapa ndipo hoja ya mwenzetu inapoanza kuchechemea. Mchungaji hakuanza kuwa Mungu wa Wakristo. Alianza kuwa mfalme. Hammurabi wa Babeli, aliyetawala katika karne ya 18 K.K., anajiita mchungaji katika utangulizi wa sheria zake, tena mchungaji aliyeteuliwa na miungu. Mafarao wa Misri walishika mikononi fimbo iliyopinda kichwa, ya kuchungia, pamoja na mchapo. Homer naye humpa Agamemnon cheo cha mchungaji wa watu, ingawa mwenye kuisoma Iliadi anajua jinsi mchungaji huyo alivyowatia watu wake msibani kwa kiburi chake. Kwa hiyo katika ulimwengu ule wa kale, kusema mchungaji kulikuwa kama kusema leo Mtukufu. Ilikuwa lugha ya ikulu.

Hapo basi mwenzetu angekuwa na haki kabisa. Sitiari hiyo ilikuwa mali ya watawala. Na wako waliolitambua hilo mapema. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamleta mtu mmoja mkali aitwaye Thrasymachus, ambaye anamcheka Socrates waziwazi: hivi wewe unadhani mchungaji huwanenepesha kondoo kwa faida ya kondoo? Huwanenepesha kwa ajili ya meza ya bwana wake au kwa ajili ya soko. Watawala nao ndivyo walivyo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba, kwa kuwa babu alikuwa na maneno yaleyale. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimuuliza kwa nini anampenda sana dume lake moja jeupe. Akanijibu, mjukuu wangu, huyu nampenda mpaka Krismasi.

Hili ndilo jiwe lililo ndani ya sitiari hii, na wahubiri wengi hulikwepa. Mchungaji hula kondoo. Huo ndio uchumi wa jambo lenyewe. Mhakiki yeyote anayeisifu taswira hii bila kulitaja jiwe hilo anatudanganya.

Lakini tumsome Ezekieli. Huyu alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 K.K., miaka kama kumi kabla Yerusalemu haujabomolewa. Alikuwa akiishi katika nchi ya warithi wa Hammurabi, penye lugha ileile ya ikulu. Katika sura ya 34 ya kitabu chake anaichukua lugha hiyo na kuipindua. Anawageukia wachungaji, ndio wafalme na wakubwa wa taifa lake, na kuwashitaki kwa orodha: mmekula vilivyonona, mmevaa sufu, mmechinja, lakini aliye mgonjwa hamkumganga wala aliyepotea hamkumtafuta. Kisha linakuja tamko ambalo, kwa maoni yangu, ni la kimapinduzi: Mungu mwenyewe anawafukuza kazi. Atachunga mwenyewe. Kwa maneno mengine, Mungu kuitwa mchungaji, mahali hapa, si kibali kwa watawala. Ni barua ya kuwaachisha kazi.

Tena haishii hapo. Baadaye katika sura hiyohiyo Ezekieli anawageukia kondoo wenyewe. Wako walionona wanaowasukuma wenzao kwa ubavu na kuwapiga pembe, na wakishakunywa wanayavuruga maji kwa miguu ili wanaofuata wanywe tope. Aliyepata kusimama kwenye lambo saa saba mchana anajua kwamba mwandishi huyu alikuwa akiwajua kondoo hasa. Tazama pia utabaka ulioko ndani ya kundi! Wanafunzi wa fasihi tunaopenda kuzungumzia matabaka tungeanzia hapa kabla ya kwenda mbali.

Zaburi ya 23 imeniwia ngumu zaidi, kwa sababu sote tunaijua mno. Kitu kinachojulikana mno hakisomwi, hukaririwa. Niliisoma usiku ule kwa kibatari, nikiitazama kama nilivyofundishwa kulitazama shairi, nikaona mambo mawili ambayo sikupata kuyaona kanisani. La kwanza ni nafsi. Shairi linaanza kwa kumsema Mungu katika nafsi ya tatu, kama mtu anayemsifu bosi wake mbele za watu: hufanya hivi, huniongoza vile. Lakini pale njia inapoingia bondeni, penye giza, msemaji anaacha kumsimulia Mungu na kuanza kumwambia. Yeye anakuwa wewe. Hakuna tangazo lolote la mgeuko huo. La pili ni kwamba kondoo anatoweka. Kuanzia mstari wa tano hakuna malisho wala maji; kuna meza, mafuta ya kichwani na kikombe. Kondoo hakai mezani. Kondoo, mezani, ndiye chakula! Hapa yule aliyeanza kama mnyama wa kufugwa anaketishwa kama mgeni wa heshima. Thrasymachus angeshangaa sana.

Injili ya Yohana, sura ya 10, inakwenda mbele zaidi na kufanya jambo ambalo kwa mfugaji ni wazimu mtupu: mchungaji anakufa ili kondoo waishi. Babu, ambaye alibatizwa akiwa mtu mzima, hakuacha kulishangaa hilo, wala lile la Luka 15 la mtu kuwaacha kondoo 99 nyikani akamtafute mmoja. Alikuwa akiuliza, na wale 99 kawaachia nani? Kila mwaka somo hilo liliposomwa aliuliza vilevile, na mwinjilisti wetu alikwisha zoea. Sasa ninafikiri kwamba babu alikuwa akisoma vizuri kuliko sisi. Mfano ule hauwezi kuuma kwa mtu asiyejua kwamba hesabu yake ni mbovu.

Wakristo wa kwanza waliichukua taswira hiyo wakaichora kabla ya kuchora msalaba. Huko Dura-Europos, mji uliokuwa kando ya mto Frati, ilifukuliwa nyumba iliyokuwa imegeuzwa kuwa ya ibada. Mji huo ulitekwa na Waajemi mwaka 256 hivi, kwa hiyo michoro yake ni ya kabla ya hapo. Juu ya kisima cha ubatizo amechorwa mchungaji mwenye kondoo mabegani. Kipande hicho leo kiko katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Roma nako, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla na Callixtus, yuko kijana asiye na ndevu, amevaa kanzu fupi ya mtu wa kazi, mnyama shingoni. Sura hiyo haikuwa mpya. Wagiriki walikwisha mchonga Hermes akiwa amebeba kondoo dume, na matajiri wa Kirumi wasio Wakristo waliweka wachungaji kwenye majeneza yao ya mawe kama ishara ya utu wema na amani ya shamba. Mpita njia asingejua upesi yupi ni yupi. Sina hakika kama huo ulikuwa ujanja wa watu wanaoogopa au ni mazoea tu ya mafundi; nadhani ni yote mawili.

Jambo lililonisisimua ni hili. Katika baadhi ya michoro hiyo ya makaburini, mnyama aliye mabegani si kondoo, ni mbuzi. Mbuzi, yule ambaye katika Mathayo 25 anawekwa kushoto! Wakati huohuo, mwanzoni mwa karne ya tatu, Tertulliano wa Carthage, Mwafrika mwenzetu na mtu wa hasira, aliandika kuwakebehi Wakristo waliokuwa na vikombe vyenye picha ya mchungaji, kwa kuwa picha hiyo ilitumika kutetea kusamehewa kwa wazinzi. Kumbe mchungaji alikuwa hoja. Watu walibishana juu yake kama tulivyobishana sisi: je, anayebebwa ni nani, mwema peke yake au hata aliyeharibu?

Kisha serikali ikabatizwa. Baada ya mwaka 313, Ukristo uliporuhusiwa na hatimaye kupendelewa, yule kijana wa kanzu fupi alianza kubadilika mavazi. Katika kaburi la Galla Placidia mjini Ravenna, la karne ya tano, bado ameketi kati ya kondoo, lakini amevaa dhahabu na zambarau, na fimbo yake imekuwa msalaba mrefu kama mkuki wa sherehe. Hakuna mnyama shingoni, nguo ingechafuka. Katika mji huohuo, kwenye kanisa la Sant'Apollinare Nuovo la mwanzoni mwa karne ya sita, anaonekana akiwa amevaa zambarau ya kifalme, kondoo kuume na mbuzi kushoto. Kutoka mbuzi mabegani hadi mbuzi kushoto: ndani ya miaka mia tatu tu sitiari ilikuwa imerudishwa ikulu ilikotoka. Maaskofu nao walipata fimbo zao zilizopinda, na Papa Gregori Mkuu aliandika, karibu na mwaka 590, kitabu kizima cha kuwafundisha jinsi ya kuchunga. Ni kitabu cha hekima, nacho kinawaonya sana wakubwa, lakini ukikisoma unaona kwamba neno limekwisha kuwa cheo.

Cheo hicho ndicho kilichotufikia. Biblia nzima ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1891, na ile ya Umoja, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, mwaka 1952. Kwetu neno moja, mchungaji, linabeba mtoto wa nyuma ya mbuzi, linabeba Mungu, na linabeba pia mwajiriwa wa kanisa la Kiprotestanti mwenye kola nyeupe. Wakatoliki wameponea kwa neno padri, waliloachiwa na Wareno. Na tusidhani kwamba upande wa Uislamu hakuna habari hii. Mafundisho ya Mtume yanamwita kila mwenye dhamana mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga. Hata neno letu la kisiasa kabisa, raia, asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi uleule wa kuchunga: raia ni kundi linalochungwa. Mwenzetu wa semina, ambaye alijitangaza kwamba yeye si kondoo bali ni raia huru, hakujua kwamba ametoka zizi moja na kuingia la pili.

Lakini nisicheze na maneno tu, maana kuna mahali ambapo mchezo unakwisha. Mwezi Aprili 1994, huko Mugonero, magharibi mwa Rwanda, maelfu ya Watutsi walikimbilia katika majengo ya kanisa na hospitali. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walimwandikia barua mkubwa wao wa kanisa, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimsihi awaombee. Tarehe 16 waliuawa. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji hayo ya kimbari, ikampa kifungo cha miaka kumi. Ezekieli alikuwa amewaandika wachungaji wanaokula kundi lao. Sisi tulidhani ni sitiari. Upande wa pili, mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa baada ya yeye na maaskofu wenzake kumpelekea Idi Amin waraka wa kupinga mauaji. Fimbo zao, za hawa wawili, zilipinda namna moja.

Ndiyo sababu siwezi kumwambia mwenzetu kwamba amekosea kabisa, wala siwezi tena kumpigia makofi. Alisema sitiari hii inafundisha utii. Mimi naona kwamba kwa kila mahali ilipofundisha utii, pako mahali ilipofundisha kuuliza: wewe mwenye fimbo, umekula wangapi? Kinachoamua ni nani anayeisema, na anamwambia nani. Ezekieli aliisema mbele ya wakubwa. Wengi waliomfuata wameisema mbele ya wadogo. Hilo si suala la imani peke yake. Ni suala la hadhira, nasi tulifundishwa mwaka wa kwanza kwamba hadhira ni sehemu ya matini.

Makaburini nilisoma. Sauti ilikwenda vizuri hadi pale nafsi inapobadilika, kisha ikakatika, ikabidi baba mdogo anishike bega nianze tena mstari. Sijui waliokuwapo walidhani nini. Pengine walidhani ni machozi ya kawaida, na kweli yalikuwemo.

Jambo moja zaidi. Ukoo mzima ulikuwa makaburini siku ile, isipokuwa kijana mmoja wa mshahara ambaye babu alimwajiri nilipokwenda masomoni. Mifugo haijui msiba. Lazima itoke, inywe, ile. Yohana 10 haimsemi vizuri mtu wa mshahara: inasema akimwona mbwa mwitu hukimbia. Jioni, wageni wakiwa bado wanakula, aliingia na kundi, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumwambia mtu neno. Alisimama mlangoni pa zizi, mahali pa babu, midomo ikicheza. Nilikwenda nikasimama kando yake. Alipomaliza nilimuuliza, akasema wametimia wote, halafu akaniuliza kama bado kuna chakula.